KUALIKWA SI KUPEWA

Kijana wa Visiwani anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma, akitamani kazi Australia, hana kosa. Lakini afahamu kwamba tangu Julai 2012, viza za ujuzi zinazopimwa kwa alama haziombwi moja kwa moja. Mtu huandikisha nia yake kwanza, bila ada, kisha hungoja kualikwa. Nia hiyo hudumu miaka 2. Akialikwa, ana siku 60 za kuomba, na ndipo ada ya viza hulipwa.

Basi kueleza nia si kuomba, wala kualikwa si kupewa. Anayetoza fedha kwa ahadi ya mwaliko ni mlaghai. Twawasihi wakuu wa Serikali walioko Dodoma wawaeleze wananchi haya kwa Kiswahili, kabla mzee wa Pemba hajauza mikarafuu yake.