Linux na waya wa Thunderbolt: kwa nini kifaa huulizwa mlangoni

Kifaa cha kawaida cha USB kinapochomekwa kwenye kompyuta, chenyewe huomba na kompyuta huamua. Thunderbolt, teknolojia iliyobuniwa na Intel kwa ushirikiano na Apple na kuingia sokoni mwaka 2011, haina unyenyekevu huo. Waya wake hubeba mawasiliano ya PCI Express, njia ileile ya kadi zilizofungwa ndani ya mashine, kwa kasi iliyofikia gigabiti 40 kwa sekunde katika toleo la tatu.

Kifaa kilichopewa njia hiyo huweza kusoma na kuandika katika kumbukumbu ya kompyuta bila kupitia kichakataji. Diski hupata kasi yake hapo. Mwizi wa siri naye vilevile. Kompyuta iliyoachwa hotelini, hata skrini ikiwa imefungwa kwa nywila, yaweza kuporwa kupitia tundu lake la pembeni.

Kwa watunzi wa Linux, mfumo endeshi huria, ugumu wa kwanza ulikuwa ugeni wenyewe. Kompyuta hugawa anwani za kadi zake inapowashwa. Kifaa kinachotokea baadaye, kikikokota vingine nyuma yake, lazima kipatiwe nafasi iliyoachwa wazi mapema. Kuchomoa ni kugumu zaidi: programu inayosoma kifaa kilichokwisha kuondoka hurudishiwa tarakimu za moja tupu, na ikikosa tahadhari huyachukua kuwa ni majibu ya kweli.

Msaada wa mwanzo uliingia katika toleo la 3.17 mwaka 2014, kwa kompyuta za Apple pekee. Ngazi za usalama zilifuata katika toleo la 4.13, mwaka 2017: kifaa husubiri idhini ya mtumiaji, na katika ngazi ya juu zaidi hutakiwa kuthibitisha ufunguo kiliopewa awali.

Hata hivyo, idhini si kinga kamili, kwani kifaa kilichokubaliwa kinaweza kuwa na hila. Februari 2019, watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Cambridge walitangaza udhaifu wa aina hiyo, wakauita Thunderclap. Toleo la 5.0, lililotoka mwezi uliofuata, huitumia sehemu ya maunzi inayokibana kifaa cha nje kiguse kumbukumbu kiliyopangiwa tu.

Kompyuta za zamani zisizo na sehemu hiyo hubaki zikitegemea idhini ya mwenyewe.