Trekta Ndogo na Matope: Chagua Tairi kwa Akili, Usichimbe Kaburi



Mvua ndefu ikianza mwezi wa Machi, shamba lililokuwa gumu kama sakafu hugeuka uji. Gurudumu la nyuma lazunguka, moshi watoka, na jembe halisogei. Watoto wanashangilia kando ya ua, lakini mwenye shamba anahesabu fedha za dizeli. Ndipo husemwa, "Trekta hii haina nguvu, tutafute kubwa zaidi."

Mara nyingi neno hilo si kweli. Injini inayo nguvu ya kutosha. Kinachokosekana ni mahali pa kushika. Kumbuka kwamba injini haivuti jembe. Kinachovuta jembe ni tairi inaposhika ardhi, nayo hushika mahali padogo tu, kama ukubwa wa gunia lililokunjwa. Kabla ya kukopa fedha za trekta kubwa, au hata za tairi mpya, yafaa kwanza tujue namna ya kupatumia mahali hapo padogo. Mambo mengine ni ya bure kabisa.

Matope si ya namna moja

Katika nchi za baridi, kama Kanada, wakulima wenye trekta ndogo hupata taabu ya theluji kila mwaka. Wao wamejifunza jambo moja kubwa: theluji laini ya kina kirefu ni kitu kimoja, na theluji iliyoshindiliwa ikawa barafu ni kitu kingine. Tairi inayofaa katika ile ya kwanza hushindwa katika ile ya pili. Sisi huiona theluji kileleni mwa Mlima Kenya tu, lakini fundisho hilo latufaa pia, kwa maana matope yetu nayo ni ya namna mbili.

Kuna matope membamba juu ya ardhi ngumu. Hapa tairi yenye meno marefu hupenya uji na kushika chini. Tena kuna matope yasiyo na mwisho, kama yale ya sehemu nyingi za Kinangop na Ol Kalou, ambako chini ya udongo wa juu pana udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji. Hapa meno marefu huchimba tu, na trekta hukaa juu ya tumbo lake.

Chukua fimbo nyembamba uichome ardhini. Ikigonga pagumu baada ya inchi chache, umepata mahali pa kushika. Ikienda kama inayoingia katika siagi, trekta isiingie. Kisha chukua udongo wa mahali ambapo jembe litafika, uuviringe kati ya viganja. Ukiweza kuufanya uzi mwembamba kama penseli usiokatika, udongo huo bado ni mbichi. Ukiulima hivyo, utaushindilia na kuufanya matofali, na mahindi au viazi vyako vitaona taabu msimu mzima. Siku hiyo hakuna tairi itakayokusaidia. Fanya kazi nyingine.

Namna nne za meno

Trekta ndogo za siku hizi huuzwa zikiwa na tairi za namna mbalimbali. Tazama ubavuni mwa tairi. Mara nyingi utaona herufi R na tarakimu.

R1 ni tairi ya shamba. Ina meno marefu yaliyolala mshazari, na nafasi pana kati yake ili matope yapate kutoka. Kwa mkulima anayelima, hii ndiyo ya kwanza kufikiriwa.

R2 ni ya mashamba ya mpunga na miwa. Meno yake ni marefu kama mara mbili ya R1. Trekta ndogo zilizotumika Japani mara nyingi huwa na meno marefu ya namna hii, kwa kuwa zilifanya kazi ya mpunga. Katika tope ni hodari, lakini zikipelekwa kila siku barabara ya lami na tela ya maziwa, meno huliwa upesi.

R3 ni ya majani. Meno yake ni mafupi na mengi, nayo haichubui malisho. Katika theluji iliyoshindiliwa yafanya vizuri kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu ya kingo zake nyingi. Lakini katika matope yetu, nafasi zile ndogo huziba mara moja, na tairi ikawa laini kama chupa.

R4 ni ya kazi za ujenzi. Ni nene, ngumu na haitobolewi upesi. Yafaa kwa kuchota mchanga na mawe. Kwa kulima, hushika kidogo kuliko R1.

Basi ukinunua trekta ndogo, mpya au iliyotumika, usitazame rangi na taa kwanza. Tazama tairi. Ikiwa yaja na R3 au R4 nawe wataka kulima, sema na muuzaji kabla hujalipa, maana kubadili tairi baadaye hula fedha za maziwa za miezi mingi.

Jifunze pia kusoma ukubwa. Tairi iliyoandikwa 12.4-28 ina upana wa inchi 12.4, na rimu yake ina kipenyo cha inchi 28. Ikiwa trekta yako huvuta kwa magurudumu yote manne, usibadili ukubwa wa tairi za mbele peke yake au za nyuma peke yake. Kiwanda kimezipima ziende pamoja. Zikitofautiana, gia za ndani hupigana mpaka zivunjike. Kwa sababu hiyo hiyo, ukifika barabara ngumu na kavu, toa gia ya magurudumu ya mbele.

Je, meno yatazama upande gani?

Simama nyuma ya trekta yako utazame tairi kubwa. Meno yapasa kuonekana kama paa la nyumba, ncha ikiwa juu. Gurudumu likizunguka, katikati ya jino huingia ardhini kwanza, na matope husukumwa nje pande zote mbili. Tairi ikifungwa kinyume, matope hukusanywa katikati na kubaki. Tairi nyingi zina mshale ubavuni wa kuonyesha njia ya kuzunguka. Ukitoka kuziba pancha, tazama tena. Kosa hili ni la kawaida, na kulirekebisha hakutaki tairi mpya.

Upepo na uzito

Wengine hujaza upepo mwingi wakisema tairi isipate kutoboka. Tairi iliyojaa mno husimama juu ya ukanda mwembamba wa katikati, na meno ya pembeni hayafanyi kazi. Kwa tairi za nyuma za trekta ndogo nyingi, upepo wa shambani ni ratili 12 mpaka 16 kwa inchi mraba. Lakini fuata kitabu cha trekta na maandishi ya tairi, wala usishuke chini ya kipimo chao. Ukienda barabarani na tela lenye mzigo, ongeza kama kitabu kisemavyo. Kipimo cha upepo ni kitu kidogo. Wanachama wa ushirika waweza kununua kimoja wakatumia pamoja.

Baada ya upepo waja uzito. Trekta nyepesi huteleza. Waweza kufunga vyuma vya uzito kwenye rimu, au kutia maji ndani ya tairi. Tairi ya 12.4-28 huchukua maji lita 140 mpaka 150 ikijazwa robo tatu. Kila lita ni kilo moja. Basi tairi mbili zakupa karibu kilo 300, na maji ni ya mtoni! Mwambie fundi aweke valvu juu kabisa, ajaze mpaka maji yafike kwenye valvu, kisha atie upepo. Usizidishe robo tatu, maana tairi isiyo na nafasi ya upepo haina mahali pa kunepa.

Hapa pana onyo kwa anayenunua trekta iliyotumika katika nchi za baridi. Huko wakulima wengi hutia chumvi ya kalisi ndani ya maji ya tairi ili yasigande. Chumvi hiyo hula chuma. Ukiona kutu na uji mweupe karibu na valvu, mwambie fundi afungue tairi, aoshe na kuikagua rimu kabla hujanunua. Sisi hatuna haja ya chumvi hiyo. Maji matupu yatosha.

Usisahau mbele. Jembe likiinuliwa nyuma, pua ya trekta huwa nyepesi. Yapasa angalau moja ya tano ya uzito wote ibaki juu ya magurudumu ya mbele, la sivyo usukani hautatii. Hiyo ndiyo kazi ya vyuma vinavyotundikwa mbele.

Jipime kwa chaki

Hili ni somo ambalo kila mtu aweza kulifanya. Piga alama ya chaki ubavuni mwa tairi ya nyuma. Jembe likiwa ardhini linalima, mtu mmoja atembee kando kwa mbali, ahesabu mizunguko 10, na kuweka kijiti mwanzo na kijiti mwisho. Kisha rudi mwanzo, inua jembe, upite mwendo ule ule kati ya vijiti, ukihesabu tena.

Ukipata mizunguko 8 na nusu mpaka 9, uzito ni wa kadiri. Ukipata 7, katika kila mizunguko 10 mitatu yaenda bure, na dizeli na mpira vyaenda pamoja nayo. Ongeza uzito, punguza upepo mpaka kipimo cha kitabu, au punguza kina cha jembe. Ukipata karibu 10 kamili, trekta ni nzito mno. Inashindilia udongo bure. Punguza.

Minyororo na vyuma vingine

Baadhi yetu huulizia minyororo ya tairi. Yafaa sana kwenye barafu, na katika matope membamba yaweza kusaidia. Lakini jihadhari na ile iliyofumwa kama ngazi. Ukiifunga juu ya tairi ya R1, vipande vya mnyororo huanguka kati ya meno na hufanyi lolote. Kwa R1 yatakiwa ile iliyofumwa kama wavu, inayokaa juu ya meno. Tazama pia kama pana nafasi kati ya tairi na bawa la trekta, funga kwa kukaza, uende polepole.

Magurudumu ya chuma yaliyo kama kizimba, yanayofungwa kando ya tairi, ni ya mashamba ya mpunga yaliyojaa maji. Hayafai barabarani. Tusisahau kwamba zamani trekta zote zilikuwa na magurudumu ya chuma. Ni katika mwaka wa 1932 huko Marekani ndipo kampuni ya Allis-Chalmers ilipoanza kuuza trekta yenye tairi za upepo, na wakulima wakaona kwamba mpira uendao kwa upepo mdogo huokoa mafuta na wakati.

Chombo kingine unacho tayari: kanyagio la kufunga difu. Gurudumu moja likiteleza, likanyage ili yote mawili yazunguke sawa. Likanyage kabla gurudumu halijachimba shimo, uende moja kwa moja, na uliachie kabla ya kupinda kona.

Jambo la kuua

Sasa nisikilize vizuri. Trekta ikizama, kamwe usifunge gogo kwenye magurudumu ya nyuma ili yapate kupanda. Gurudumu likikatazwa kuzunguka, injini haiachi kusukuma. Badala ya gurudumu kwenda mbele, trekta yenyewe huinuka pua na kupinduka nyuma juu ya dereva. Hutokea kwa muda wa sekunde moja na nusu hivi. Hakuna kijana mwepesi wa kuruka kwa wakati huo.

Vivyo hivyo, usifunge mnyororo wa kukokotea kwenye mkono wa juu wa nyuma wala kwenye ekseli. Funga kwenye chuma cha kukokotea tu, kule chini. Ukiwa umezama, inua jembe au ulifungue, chimbua matope nyuma ya tairi, utie mawe au matawi, na utoke kinyumenyume polepole. Ikishindikana, ita trekta nyingine ikuvute, na watu wote wasimame mbali na mnyororo, maana ukikatika hupiga kama risasi. Fremu ya usalama iliyo juu ya kiti isiondolewe kwa sababu ya matawi ya miti, na ikiwa trekta ina fremu hiyo, funga mkanda.

La kufanya juma hili

Kabla ya mvua kukolea, pima upepo, tazama meno yametazama wapi, fanya hesabu ya chaki, na choma fimbo yako katika kila pembe ya shamba. Mahali palipo pabovu, chimba mtaro wa kutoa maji. Mtaro mmoja wafaa kuliko tairi mbili mpya. Ukikwama katika jambo lolote, Bwana Shamba wa sehemu yako atakuonyesha. Na umwonyeshe kijana wako anayeendesha sehemu ile ya gogo. Mwambie aisome kwa sauti.