Kikohozi Chenye Jina la Kuazima: Dalili, Utambuzi na Tiba ya Saratani ya Mapafu

Utangulizi

Wahenga walilinganisha mapenzi na kikohozi kwa kuwa vyote viwili havifichiki. Mwenye kukohoa husikika na jirani kabla hajaonekana. Hata hivyo, upo ugonjwa ambao kikohozi chake husikika na kila mtu ilhali wenyewe umejificha nyuma ya jina la ugonjwa mwingine. Ugonjwa huo ni saratani ya mapafu. Makala haya yananuia kueleza dalili zake, namna unavyotambuliwa na namna unavyotibiwa. Hoja yetu kuu ni kwamba katika nchi kama Kenya, ambako kifua kikuu kimeenea, mgonjwa wa saratani anaweza kupoteza miezi ya thamani akitibiwa maradhi asiyokuwa nayo.

Maana na chanzo

Neno saratani limetoka katika Kiarabu, ambako humaanisha kaa. Wayunani na Warumi nao waliyapa maradhi haya jina la mnyama huyo huyo. Taswira hiyo inaafiki hali ilivyo: seli za pafu huanza kuzaana pasi na mpaka, huunda uvimbe na kung'ang'ania sehemu jirani. Baadhi yake husafiri kupitia damu au limfu hadi kwenye mifupa, ini au ubongo. Mnamo 2022, ulimwenguni kote kulikuwa na wagonjwa wapya wapatao milioni 2.5 na vifo takriban milioni 1.8. Hakuna saratani nyingine iliyoua watu wengi kiasi hicho.

Chanzo kikuu ni moshi wa tumbaku, jambo ambalo watafiti Richard Doll na Austin Bradford Hill walilidhihirisha nchini Uingereza mwaka wa 1950. Kenya ilipitisha sheria ya kudhibiti tumbaku mwaka wa 2007. Lakini moshi wa sigara za wengine, moshi wa kuni na makaa jikoni, vumbi la asbesto na hewa chafu pia huchangia. Kwa hivyo, lile swali tunalozoea kuuliza, "Kwani alikuwa akivuta sigara?", lisigeuzwe kuwa hukumu. Wapo wagonjwa ambao hawajawahi kuishika sigara.

Dalili

Nyama ya pafu haihisi maumivu, na kwa sababu hiyo uvimbe unaweza kukua kwa muda mrefu kimyakimya. Dalili zinapojitokeza, aghalabu huwa ni kikohozi kisichokoma kwa zaidi ya wiki tatu, au kikohozi cha zamani kilichobadilika, makohozi yenye damu, kuhema kwa shida, maumivu ya kifua, uchovu, na kukonda bila sababu. Sauti inaweza kukwaruza iwapo uvimbe umeubana mshipa wa fahamu unaoendesha nyuzi za sauti. Nimonia inayorudi mahali pale pale pafuni nayo ni ishara ya kutiliwa maanani.

Msomaji makini atakuwa amegundua kwamba kikohozi, damu na kukonda ni dalili za kifua kikuu pia. Hata kivuli kinachoonekana kwenye eksirei kinaweza kufanana. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi sita. Mgonjwa aliyeanzishiwa dawa hizo kwa kukisiwa tu, bila bakteria kuonekana katika makohozi yake, anaweza kuumaliza muda huo wote huku saratani ikisambaa. Ikumbukwe pia kwamba maradhi haya mawili yanaweza kumpata mtu mmoja kwa wakati mmoja. Asiyepata nafuu asiache dawa kwa hiari yake, arejee kwa daktari na aulize, "Je, tumehakikisha kuwa hiki ni kifua kikuu?"

Utambuzi

Eksirei ya kifua ni hatua ya kwanza tu. Hufuatwa na picha za tomografia, ambazo huonyesha pafu tabaka kwa tabaka. Hata hivyo, hakuna picha inayotosha kuthibitisha saratani. Sharti kipande kidogo cha uvimbe kitolewe, ama kwa sindano kupitia kifuani ama kwa mrija mwembamba wenye kamera unaopitishwa kooni, kisha kichunguzwe kwa hadubini. Uchunguzi huo hubainisha aina: saratani ya seli ndogo, ambayo husambaa upesi, na ile isiyo ya seli ndogo, ambayo ni takriban asilimia 85 ya visa vyote. Baadaye madaktari huamua hatua ya ugonjwa, kuanzia ya kwanza hadi ya nne.

Tiba

Aina na hatua ndizo huamua tiba. Saratani isiyo ya seli ndogo ikigunduliwa mapema, daktari wa upasuaji anaweza kuondoa sehemu moja ya pafu, na hapo tumaini la kupona ni kubwa. Pafu la kulia lina sehemu tatu na la kushoto mbili, kwa hivyo mgonjwa hubakiwa na sehemu za kupumulia. Ikiwa imesonga mbele, hutumiwa mionzi na dawa za kemikali. Saratani ya seli ndogo aghalabu hutibiwa kwa njia hizo mbili badala ya upasuaji. Zipo pia dawa zinazolenga mabadiliko mahususi ya jeni, na nyingine zinazoamsha kinga ya mwili. James Allison na Tasuku Honjo walituzwa Nobel mwaka wa 2018 kwa ugunduzi uliofungua njia ya tiba hizi za kinga. Bei yake ingali mzigo mzito kwa wengi. Pale ambapo kupona hakuwezekani, tiba shufaa hutuliza maumivu na kumhifadhia mgonjwa heshima yake. Kuipokea si kukata tamaa.

Hitimisho

Mwanafunzi wa Kiswahili ana nafasi yake katika suala hili. Mara nyingi sisi ndio tunaowasindikiza wazazi na nyanya zetu zahanatini na kuwafasiria maneno ya daktari. Tukijua kutofautisha uvimbe na saratani, kivuli na uthibitisho, hatua ya kwanza na ya nne, tutauliza swali lifaalo kwa wakati ufaao. Kikohozi hakifichiki, kazi iliyosalia ni kukipa jina lake halisi.