UZI: Bima ya afya kwa wote, na mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani

1/ Wakenya wenzangu, mjadala wa SHA umewaka tena. Upande mmoja unahesabu waliosajiliwa, mwingine unahesabu hospitali zinazodai pesa. Mimi ni fizio, nawatibu watu nyumbani kwao. Kuna sehemu ya matibabu ambayo pande zote mbili huiruka. Sitaji chama wala mwanasiasa, kwa hivyo tulizeni roho msome.

2/ Kazi yenyewe ni hivi. Wagonjwa wangu wengi ni wa kiharusi, waliovunjika nyonga, na wa ajali za boda. Asubuhi niko Langata, mchana nashuka Magadi Road hadi Rongai, jioni Kiserian. Kwa siku naona wanne, jam ikiwa na huruma watano. Kila mmoja ni kama saa nzima: kupima presha, kunyoosha viungo, kujifunza upya kuketi, kusimama, kwenda choo bila kubebwa.

3/ Nusu ya kazi ni kufundisha familia. Mgeuzeni kila baada ya saa mbili, la sivyo atapata vidonda vya kulalia upande mmoja. Msimwinue kwa kumvuta mkono uliolegea, bega litateguka. Mwacheni ajishikie kijiko hata kama atamwaga uji.

4/ Mbona asirudi kliniki? Hospitali inahitaji kitanda, kwa hivyo anaruhusiwa kabla hajaweza kutembea. Sasa fikiria shosho anayeishi orofa ya nne, hakuna lifti. Ni watu wawili wa kumshusha, teksi ya kwenda na ya kurudi, na foleni katikati. Na muda hausubiri: baada ya kiharusi, nafuu kubwa hupatikana miezi mitatu ya kwanza. Kiungo kisichosongeshwa hukakamaa.

5/ Pesa sasa. Natoza 1,500 kwa ziara. Mara tatu kwa wiki, kwa wiki nane, ni ziara 24, yaani 36,000. Familia nyingi hutoa mfukoni. Wiki ya kwanza naitwa mara tatu, ya pili mara mbili, kisha naambiwa, "Daktari, tutakupigia." Simu haiji. Nikiitwa tena baada ya miezi, nakuta mkono umejikunja kifuani na binti ya nyumba ameacha biashara yake amtunze mzazi. Mshahara huo uliopotea hausomwi kwenye mjadala wowote wa TV.

6/ "Lakini si analipa SHA?" Tuelewane hapa. Tangu Oktoba 2024, SHIF ilichukua nafasi ya NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na payslip hukadiriwa mapato ya nyumba yake, na kiwango cha chini kabisa ni 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Pesa hizo hulipa kituo chenye mkataba, kwa huduma iliyo kwenye orodha. Fizio anayekuja kivyake hadi mlangoni kwako hana pa kupeleka bili.

7/ Kwa hivyo tenganisha maneno matatu: kusajiliwa, kulipia, kuhudumiwa. Ukitajiwa mamilioni, uliza ni ya neno gani kati ya hayo. Mtu anaweza kuwa amesajiliwa na hajalipa. Anaweza kuwa amelipa, na anachohitaji hakiko kwenye orodha.

8/ Jukumu ni la nani? Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Jedwali la Nne linaipa serikali kuu sera na hospitali kuu za rufaa. Hospitali za kaunti, zahanati na afya ya msingi ni za kaunti. Mgonjwa wangu wa Rongai hulazwa Nairobi kisha hurudi kupona Kajiado. Hapo katikati hakuna anayemngoja.

9/ "Si kuna CHP?" Wapo, zaidi ya 100,000, na tangu 2023 walipewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari. Wanafanya kazi kubwa, na mara nyingi wao ndio humjua kwanza mgonjwa aliyefichwa chumbani. Lakini hawakusomea tiba ya viungo. Wanaweza kumwona na kumwelekeza, ila aelekezwe kwa nani?

10/ Wapinzani wa wazo hili wana hoja, na si ya kubezwa. Kama hospitali zenyewe zinalia hazijalipwa, ya nyumbani itatoka wapi? Na nani atathibitisha fizio alifika kweli, si bili hewa? Ndiyo maana nasema tuanze kidogo: ziara zenye idadi maalum, kwa kiharusi na nyonga, zikisimamiwa na hospitali ya karibu, familia ikitia sahihi kila ziara. Mgonjwa anayerudi wodini na vidonda vya kitandani pia ni bili, na ni ya kitanda.

11/ Kuelekea 2027, mkipata maikrofoni msiulize tu "mtajenga hospitali ngapi?" Ulizeni: Mgonjwa akitoka wodini hawezi kusimama, nani anakuja kwake, mara ngapi, na nani analipa? Kaunti yetu imeajiri mafizio wangapi? Anayejibu kwa namba na tarehe, mskizeni. Anayejibu kwa slogan, mpigieni makofi mwende nyumbani.

12/ La mwisho, kabla ya kumlipa mtu. Sheria ya mafizio ya 2014 iliunda baraza linalotoa leseni. Mwombe akuonyeshe yake ya mwaka huu. Wa kweli hatakasirika.

Maswali leteni hapa chini. Matusi ya vyama pelekeni kwingine.