Kujaribu Motokaa Kabla ya Kuinunua

Motokaa ya nyumbani si pambo. Hapa kwetu Nyamiaga, katika wilaya ya Ngara, ndiyo imchukuayo mgonjwa usiku kwenda hospitali, na ndiyo ipelekayo ndizi sokoni na jamaa mazikoni. Inapochakaa na kutaka kubadilishwa, fedha itolewayo ni akiba ya miaka mingi ya nyumba nzima. Kwa hivyo yafaa tueleze namna ya kujaribu motokaa ndogo ya abiria kabla ya kutoa fedha hiyo.

Wako wanaoona haya kuomba kuijaribu, wakidhani kwamba muuzaji ataona haaminiwi. Haya hizo hazina mahali pake. Mtume wetu (s.a.w.) alipita sokoni akakuta rundo la nafaka, akatia mkono wake ndani, na vidole vyake vikapata majimaji. Mwenye nafaka alisema imenyeshewa na mvua. Mtume akamtaka aiweke ile iliyolowa juu, watu waione, na akamkana mwenye kughushi. Basi mnunuzi anayeomba ufunguo aendeshe motokaa hufanya jambo hilo hilo la kutia mkono ndani ya rundo. Rangi inayong'aa ni nafaka kavu ya juu.

Jambo lililo kubwa katika kujaribu ni njia. Motokaa nyingi zinazonunuliwa Tanzania huja zimekwisha tumika Japani, nazo hushushwa bandarini Dar es Salaam. Huko zilikotoka zilizoea lami, na anayezijaribu Dar es Salaam huzijaribu juu ya lami. Ngara iko mbali na bandari hiyo kwa zaidi ya kilometa 1,000, nayo ni nchi ya vilima, na njia nyingi za vijijini ni za udongo. Motokaa haina budi kujaribiwa katika njia itakayoishi.

Hili si jambo jipya. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalikuwa mtihani wa motokaa katika matope na vumbi letu. Mwaka 1963, na tena mwaka 1968, zilizofika mwisho zilikuwa 7 tu, na mara zote mbili iliyoshinda ni Peugeot 404, motokaa ambayo hata watu wa kawaida waliipanda. Sifa iliyopatikana katika njia ya namna hiyo ilikuwa na uzito kuliko maneno ya muuzaji.

Sisi tulipotafuta motokaa ya kushika nafasi ya ile yetu kuukuu, tulionyeshwa moja nyeupe, safi, yenye viti kama vipya. Tulimwomba mwenyewe atuache tuiwashe alfajiri, injini ikiwa baridi, kwani injini iliyokwisha pata moto huficha ugumu wa kuwaka. Iliwaka vizuri. Kisha tukapanda watu wazima watano, tukatia gunia la maharage katika buti, tukashika njia ya mlimani. Mahali tambarare haikuwa na kosa lolote. Tuliposimama katikati ya mwinuko na kutaka kuondoka tena, injini ilinguruma, lakini magurudumu yalikawia kabla ya kuvuta. Tulirudia mara tatu, na mara zote ikawa vile vile. Hapo mwenyewe alikiri kwamba giaboksi ilikuwa hivyo tangu miezi kadhaa. Tulimrudishia ufunguo kwa amani, na fedha ya nyumba ikabaki nyumbani.

Enyi vijana, mnaotumwa na wazee wenu kutazama motokaa, shikeni na dalili hizi. Moshi wa buluu maana yake injini yaunguza oili. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, huenda ni maji yaingiayo mahali pasipo pake. Oili yenye rangi ya maziwa kwenye kijiti cha kupimia ni alama ya kuchanganyika na maji. Kateni usukani mpaka mwisho mkiendesha polepole. Mlio wa kugongagonga magurudumuni ni wa viungo vilivyolika. Breki ikanyagwe kwenye mteremko, mwone kama yavuta upande mmoja. Ubavuni mwa tairi mna tarakimu nne za tarehe: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na namba ya chesisi ilingane na ile iliyo katika kadi.

Kabla ya kuondoka, mwenye kuendesha awe na leseni, bima iwe hai, na mpatane ni nani atakayelipa likitokea la kutokea. Tena muulizane juu ya khiyari, yaani haki ya kuivunja biashara. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu katika Afrika Mashariki twaifuata, wanunuzi na wauzaji waweza kushartiana khiyari isiyozidi siku 3. Mapatano hayo yaandikwe, na mashahidi wawepo.

Limebaki jambo moja ambalo wengi hulisahau. Anayenunua motokaa ya kubadilisha huwa naye ana kuukuu ya kuuza, na ule ukweli alioutaka kwa mwenzake sasa watakwa kwake. Ile yetu huvuja oili, na breki zake za nyuma ni dhaifu. Atakayekuja kuitazama tutamwambia hayo kabla hajauliza bei, kisha tutampa ufunguo aipande na kuishuka milima hii mwenyewe. Bei itapungua, hapana shaka. Lakini naye ana watoto watakaopanda.

Mwenyezi Mungu atubarikie katika biashara zetu na atulinde njiani. Amin.