Je, Wajua? Kuna saratani inayoambukizwa kwa kung'atwa

Tumezoea kusikia kwamba saratani haiambukizi. Kisiwani Tasmania, kusini mwa Australia, ipo inayoambukiza. Shetani wa Tasmania ni mnyama mweusi anayelea watoto mfukoni kama kangaruu, na ni mgomvi kupindukia: msimu wa kupandana, au wanapogombea mzoga, hung'atana usoni. Hapo seli hai za saratani huhama kutoka uso mmoja hadi mwingine. Hakuna kirusi wala bakteria. Seli yenyewe ndiyo maradhi. Uvimbe huo ulionekana mara ya kwanza mwaka 1996, na seli zake zote ni uzao wa jike mmoja aliyekufa zamani. (Aina ya pili, iliyotokana na dume, iligunduliwa 2014. Bahati mbaya haiji peke yake!)

Kwa nini mwili haukatai nyama ya mwenzake, kama unavyokataa figo isiyooana? Seli za aina ya kwanza huzima jeni za protini ambazo kinga huzitumia kumtambua mgeni. Zikishapenya, uvimbe hukua hadi mnyama ashindwe kula, na wengi hufa ndani ya mwaka.

Si wote, lakini. Porini wamepatikana wachache wenye kingamwili dhidi ya uvimbe huo, na baadhi yao uvimbe ulisinyaa wenyewe. Maabara nayo imeonyesha kwamba seli hizo zikipewa interferoni-gama, kemikali ya kinga ya mwili, protini zilizofichwa hurudi juu ya seli. Jeni zake hazikupotea, zilizimwa tu, na watafiti wa chanjo wanajaribu kutumia mwanya huohuo.