Wastani wa Shule Unaficha Mchujo

Matokeo ya darasa la saba yakishatoka, shule binafsi hutundika mabango barabarani: wastani wa A, hakuna aliyefeli. Mzazi mwenye mtoto wa kuanza darasa la kwanza Januari huyalinganisha na matokeo ya shule ya serikali ya mtaani kwake, ile inayoitwa Kayumba, kisha hubakiwa na swali moja tu: ada itatoka wapi?

Bango halidanganyi, ila halisemi yote. Wastani huonyesha kwanza ni watoto gani waliofika chumba cha mtihani. Ufundishaji una sehemu yake, lakini kuutenga si kazi rahisi. Shule inayofanya usaili mlangoni, kisha ikamkaririsha darasa au kumhamisha asiyefikisha alama inazotaka, itamaliza na kundi lililochujwa. Kayumba hupokea kila anayekuja, na tangu Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ulipofuta michango ya lazima, wanaokuja wameongezeka kuliko madarasa na walimu.

Anayedhani siri iko kwenye umiliki aangalie sekondari za Kibaha, Ilboru, Mzumbe na Kilakala. Ni za serikali, na zinang'ara. Kisimiri ya Arumeru, nayo ya serikali, imewahi kuongoza nchi nzima kidato cha sita. Zote hupangiwa wanafunzi waliochujwa kwa alama. OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi, lilipochambua PISA ya 2009, mtihani wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, katika nchi wanachama wake, lilikuta zaidi ya robo tatu ya pengo kati ya shule binafsi na za umma inatokana na hali ya familia za wanafunzi. Nyingi kati ya hizo ni nchi tajiri, lakini mantiki ya matokeo hayo haina mipaka.

Kwa hiyo hesabu vichwa. Baraza la Mitihani (NECTA) liliacha kutangaza shule kumi bora mwaka 2023, ila matokeo ya kila shule bado yako kwenye tovuti lake. Tazama watahiniwa wa darasa la nne, kisha wa darasa la saba miaka mitatu baadaye. Ikiwa walikuwa 80 na sasa ni 52, mwulize mwalimu mkuu wale 28 wako wapi. Huenda kuna sababu njema. Msikilize anavyojibu.

Tofauti moja haielezwi na mchujo: lugha. Ukiacha chache kama Olympio na Diamond za Dar es Salaam, shule za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari ni Kiingereza. Mtoto hufika kidato cha kwanza akiijua sayansi yake vizuri tu, lakini swali halielewi. Nadhani Kiingereza cha shule binafsi ndicho wazazi wengi wanacholipia, na siwalaumu. Ila mwalimu anayebabaisha Kiingereza huzalisha watoto wa kukariri. Omba kukaa darasani kipindi kimoja. Watoto wanauliza maswali, au wanaitikia tu kwa pamoja?

Na ada si ada peke yake: kuna basi, chakula, sare, na wadogo wa mtoto wanaokuja nyuma. Mtoto anayeondolewa kwa kukosa ada akiwa darasa la tano hubadilishiwa lugha katikati ya safari. Kama hesabu zinaonyesha mtafika huko, ni afadhali aanzie Kayumba, na sehemu ya fedha hizo inunue vitabu vya hadithi na masomo ya Kiingereza ya jioni.